Kundi dogo linalolipa: wanachama wananunua nini hasa?

Mapema Desemba 2017, kampuni ya Patreon, yenye jukwaa ambalo watu huwachangia fedha watengeneza maudhui, ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 18 ya mwezi huo kila mchango unaopita kwenye jukwaa lake ungeongezewa makato ya asilimia 2.9 na senti 35 za dola, na wa kuyabeba angekuwa mchangiaji mwenyewe. Aliyezoea kutoa dola 5 angekatwa dola 5.50. Aliyezoea kutoa dola 1 angekatwa dola 1.38.

Watu wakaanza kujitoa kabla tarehe yenyewe haijafika. Watengeneza maudhui wakalalamika hadharani kwamba wachangiaji wanawaponyoka. Tarehe 13 Desemba, Jack Conte, mwanamuziki aliyeianzisha kampuni hiyo pamoja na Sam Yam mwaka 2013, akaomba radhi kwa maandishi na mpango ukafutwa.

Senti 38.

Wiki kadhaa sasa kisa hiki kimekuwa kikinirudia kichwani, kwa sababu hakikubaliani na maelezo tunayopeana kila siku. Tunasema mtu hulipia kazi ya mtengeneza maudhui kwa kuwa anampenda. Kama ni mapenzi, senti 38 zingemwondoa vipi? Wengine husema analipia maudhui yenyewe. Lakini baadhi ya maudhui hayo yalikuwa wazi kwa kila mtu, aliyelipa na asiyelipa.

Nilipokaa na hesabu ndipo nikaanza kuona kitu. Anayempa mtu mmoja dola 10 angekatwa dola 10.64. Anayezigawa dola hizo hizo kwa watu kumi, dola moja moja, angekatwa dola 13.80. Makato yalimgusa kidogo mwenye kipenzi kimoja, yakamwangukia kwa uzito mtu aliyejiunga na vikundi vingi vidogo: cha wanaofufua redio za zamani, cha wachora ramani za kubuni, cha wanaofuga nyuki kwenye nafasi finyu. Mtu huyo alikuwa amejipangia bajeti ya kuwa sehemu ya mahali kumi, na ghafla mahali patatu kati ya hizo kumi hapakuweza kulipika.

Hapo ndipo swali langu lilipobadilika. Badala ya kuuliza kwa nini watu wanamlipa fulani, nikaanza kuuliza wanalipia kuwa wapi, na pamoja na nani.

Matangazo hayamjali aliye na wachache

Kwa YouTube, kugawana mapato ya matangazo kunaanza ukiwa na watu 1,000 waliojisajili na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Ukishaingia, sehemu yako ni asilimia 55 kwa video ndefu na asilimia 45 kwa video fupi. Sharti hilo ni la haki kwa kiasi chake. Tatizo liko kwenye ukubwa wa mada.

Chukulia mtu anayefundisha ufufuaji wa cherehani za zamani. Anatoa video nne kwa mwezi, kila moja inatazamwa mara 3,000. Tuseme kila mitazamo 1,000 inamwingizia dola 3. Mwezi mzima ni dola 36, na mada yake haiwezi kukua hadi mitazamo milioni, kwa sababu duniani hakuna watu milioni waliofungua cherehani wiki hii.

Sasa chukulia kwamba miongoni mwa watazamaji hao wapo 200 ambao wana cherehani mezani, imefunguliwa, na skrubu zimetandazwa kwenye kitambaa. Kila mmoja akilipa dola 5 kwa mwezi, ni dola 1,000 kabla ya makato. Ni watu wale wale. Mtangazaji ananunua macho yao, kwa hiyo anataka yawe mengi. Wao wenyewe wananunua kumaliza kazi iliyo mezani.

Mwaka 2008 mwandishi wa Marekani Kevin Kelly aliandika makala iliyosambaa sana akisema msanii anahitaji mashabiki wa kweli 1,000 tu, kila mmoja akitumia dola 100 kwa mwaka, ili apate dola 100,000. Hesabu ni sahihi na imewapa moyo wengi. Ila inamchora shabiki akiwa peke yake, na uzi mmoja unaotoka kwake kwenda kwa msanii. Ndani ya kundi dogo linaloishi vizuri, nyuzi nyingi zaidi hupita kati ya wanachama wenyewe, na nadhani fedha hufuata nyuzi hizo.

Swali moja, kutoka mwanzo hadi mwisho

Tulitazame kwa karibu. Mwanachama anaandika: "Cherehani yangu inaruka mshono, nimebadilisha sindano bado."

Wa kwanza kujibu si mwenye kundi, yaani mtengeneza maudhui. Ni mwanachama aliyewahi kusumbuka na jambo hilo, na anauliza sindano ni ya mfumo gani na upande wake bapa umeelekea wapi. Ikiwekwa kinyume, ndoano inayodaka uzi chini inapita mahali ambapo kitanzi cha uzi hakipo. Mwenye swali anatuma picha. Sindano iko sawa kwa upande, lakini mwingine anagundua haikusukumwa hadi juu kabisa kabla ya kukazwa, na milimita moja hapo inatosha kuharibu kila kipimo kinachofuata.

Anarekebisha. Bado inaruka.

Hapo anaingia mwanachama wa tatu na kipimo: zungusha gurudumu kwa mkono hadi sindano ifike chini kabisa, kisha iache ipande kama milimita 2 hadi 2.5. Kwa wakati huo ncha ya ndoano iwe inapita nyuma ya sindano, juu ya tundu kwa takriban milimita 1.5. Ikipita chini zaidi au ikichelewa, haikidaki kitanzi. Mwenye kundi anaandika mara moja tu, akiomba picha ya ubavuni bila bamba la sindano. Picha inakuja, ndoano inaonekana imechelewa, skrubu inalegezwa, inasogezwa, inakazwa. Jioni mwenye swali anatuma picha ya kitambaa chenye mshono mzima.

Katikati ya mazungumzo hayo mtu mwingine kabisa ametatuliwa shida yake bila kuuliza. Uzi wake wa chini ulikuwa ukikwama, na akasoma mtu akitaja kwa kupita kwamba bobini (kigurudumu cha uzi wa chini) ya aina ya 66 ina pande zilizotuna kidogo na ya aina ya 15 ina pande bapa, na kwamba kwa kuzitazama haraka zinafanana. Akachungulia yake.

Nani alilipwa kwa kazi hiyo? Mwenye kundi. Aliandika sentensi moja.

Jambo hili lilinikera kwa muda, na nitalirudia hapo chini. Lakini kwanza tazama alichopata zaidi ya ada. Amepata mada ya video ambayo tayari ina uhakika wa watazamaji, kwa kuwa mtu amekwama hapo kweli. Amepata picha ya kosa lenyewe, mwenyewe akiridhia, ambayo asingeweza kuibuni. Amepata watu watatu wa kumsomea rasimu ya mwongozo na kumkosoa kabla haujauzwa, na watu hao hao watakuwa wanunuzi wa kwanza. Mtengeneza maudhui asiye na kundi hukaa akikisia nini kitapendwa. Mwenye kundi anasoma kinachoulizwa.

Kuanza na thelathini

Kosa la kwanza, na ndilo ninaloliona likiua vikundi vingi kabla havijatembea, ni kufungua mlango kwa wafuasi wote siku moja. Wanaingia mia nne, wanakuta ukimya, wanatoka, na hawarudi.

Anza na watu 20 hadi 30 waliochaguliwa mmoja mmoja. Kigezo kizuri ni hiki: mtu aliyekuuliza swali la kiufundi zaidi ya mara moja, au aliyemjibu mwenzake chini ya kazi yako bila kuombwa. Waandikie kila mmoja kivyake, utaje swali lake. Ujumbe mmoja ulionakiliwa kwa wote hauleti watu wa namna hiyo.

Vyumba vya mazungumzo viwe vitatu: maswali, kazi zinazoendelea, na salamu. Basi. Kundi la watu 30 lenye vyumba 12 linaonekana limekufa hata kama watu wanazungumza kila siku, kwa sababu mazungumzo yamemwagika kila mahali. Chumba cha nne kifunguliwe pale tu watu wanapolalamika kwamba mada fulani inafunika nyingine.

Weka juu ya chumba cha maswali muundo wa kuuliza: chombo gani na toleo gani, umefanya nini, ulitegemea nini, kimetokea nini, picha mbili. Swali lenye mambo hayo matano hupata jibu mapema, na baadaye mtu akitafuta atalipata. Swali la "inanisumbua, nisaidieni" huishia kwenye maswali kumi ya kuhoji, na mjibuji mzuri huchoka.

Halafu kuna jambo gumu kuliko yote, nalo ni kunyamaza.

Mwenye kundi anayejibu kila swali ndani ya dakika tano anajiona mkarimu. Kwa kweli anawafundisha wanachama kwamba jibu hutoka kwa mtu mmoja. Wakiwa 30, atamudu. Wakiwa 200, amejitengenezea dawati la huduma kwa wateja, na siku akiugua kundi linaganda. Subiri saa kadhaa. Likikaa bila jibu, mwite kwa jina mwanachama aliyewahi kulitatua: "Fulani, hili si kama lile lako la mwezi uliopita?" Aliyeitwa anajisikia anahitajika, aliyeuliza anapata jibu, na wewe umewaunganisha watu wawili ambao kesho hawatakuhitaji katikati.

Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, alieleza kwamba katika makundi ya mtandaoni takriban asilimia 90 husoma tu, 9 huchangia mara moja moja, na 1 ndiyo hubeba sehemu kubwa ya mazungumzo. Wengi husoma takwimu hiyo kama ugonjwa wa kutibiwa. Wanaanza kuwasukuma wakimya: jitambulishe, sema kitu, mbona huonekani. Tafadhali waache. Kwenye kundi la kulipia, wakimya ndio sehemu kubwa ya wanaolipa, na wanapata wanachokilipia kwa kusoma. Yule wa bobini hakuandika neno. Pima wanaofungua na kusoma kwa wiki, usipime wanaosema.

Hapa ndipo jukwaa lenyewe huleta shida. Sehemu za kupiga soga, kama Discord, ni nzuri kwa mazungumzo na mbaya kwa kumbukumbu: jibu zuri la leo limezama kesho kutwa, na injini za utafutaji hazioni kilichomo ndani. Kwa hiyo kila wiki mtu mmoja achukue matatizo yaliyotatuliwa na kuyaandika kwenye ukurasa wa kudumu: toleo, dalili, chanzo, kipimo, picha. Mistari sita kwa kila tatizo inatosha. Baada ya mwaka mmoja hifadhi hiyo ndiyo itakayomfanya mtu alipie tena.

Fedha yenyewe

Weka bei ambayo makato hayataila. Patreon kwa wanaojiunga sasa, na Substack, jukwaa la majarida ya barua pepe, huchukua asilimia 10. Juu ya hapo yapo malipo ya kadi. Kiwango cha kawaida cha Stripe, kampuni inayopitisha malipo ya mtandaoni, kwa kadi nchini Marekani ni asilimia 2.9 na senti 30 kwa kila muamala. Zile senti 30 ndizo za kuangalia.

Wanachama 200 wa dola 5 wanaleta dola 1,000. Jukwaa linachukua 100, kadi zinachukua 29 pamoja na 60. Unabaki na 811. Wanachama 1,000 wa dola 1 wanaleta dola 1,000 ile ile. Jukwaa 100, kadi 29 pamoja na 300. Unabaki na 571, na watu wa kuhudumia ni mara tano. Baadhi ya majukwaa yana kiwango nafuu kwa malipo madogo, kwa hiyo soma ukurasa wa makato kabla ya kupanga bei. Lakini mwelekeo haubadiliki: bei ya chini sana humnufaisha mpitishaji wa fedha.

Malipo ya mwaka husaidia pande zote mbili. Dola 50 zikilipwa mara moja zinakatwa dola 5 za jukwaa na dola 1.75 za kadi, na unabaki na 43.25, yaani asilimia 86.5. Dola 5 kila mwezi kwa miezi 12 zinakuachia 48.66 kati ya 60, yaani asilimia 81.1. Jumla ya mwaka ni ndogo kidogo, ila umeipata yote mwanzoni na mwanachama huyo hatafikiria kuondoka mara kumi na mbili.

Kuhusu kuondoka, fanya hesabu hii mapema, maana ndiyo huwashtua watu mwezi wa saba au wa nane. Ukipoteza asilimia 5 ya wanachama kila mwezi, kati ya 200 ulioanza nao watabaki kama 108 baada ya mwaka. Kwa asilimia 3 watabaki kama 139. Kwa asilimia 8, 74. Tofauti hiyo ya asilimia chache inaamua kama unaishi kwa kazi hii au unakimbizana na wapya maisha yako yote.

Na si wote wanaoondoka walioamua kuondoka. Kadi zimeisha muda, salio halikutosha siku ile, benki imekataa muamala wa nje. Usimfungie mtu mlango siku malipo yalipogoma. Mpe siku saba, mwandikie wewe mwenyewe mistari miwili isiyo na lawama, kiungo cha kubadilisha kadi kiwe kwenye mstari wa kwanza. Mtu aliyefukuzwa na mashine huona aibu kurudi.

Mambo mawili ya kukagua kabla hujatangaza chochote. Kwanza, je, jukwaa linaweza kukutumia fedha ulipo? Stripe haifanyi kazi katika kila nchi, na wapo waliojenga kundi miezi mingi wakaja kugundua hawana njia ya kutoa hela. Jaribu kutoa kiasi kidogo kwanza, hadi kikufikie mkononi. Pili, wanachama watalipia wapi? Mwaka 2024 Apple iliitaka Patreon ipitishe uanachama mpya unaonunuliwa ndani ya programu ya iPhone kwenye mfumo wake wa malipo, wenye makato ya hadi asilimia 30. Masharti hayo hubadilika, na hayafanani kila nchi. Jambo la uhakika ni kuwapa watu kiungo cha kulipia kwenye kivinjari na kuwaeleza wazi kwa nini.

Uanachama wa chaneli wa YouTube unamwachia mwenye chaneli asilimia 70. Ni makato makubwa kuliko ya wengine, ila watazamaji wako tayari wapo hapo na kadi zao zimeshasajiliwa. Kwa anayeanza, urahisi huo unaweza kufidia tofauti. Kwa mwenye wanachama 200 walioshikamana, sioni sababu ya kubaki.

Kitu kimoja usikiache popote unapokuwa: orodha ya anwani za barua pepe za wanachama, ipakuliwe kila mwezi na kuhifadhiwa kwa usalama. Vine, jukwaa la video fupi, ilipofungwa Januari 2017, waliokuwa na mamilioni ya wafuasi ndani yake walilazimika kuwatafuta upya kwingine mmoja mmoja. Mwenye barua pepe 200 angehama kwa jioni moja.

Kinachovunja kundi likiwa zuri

Vikundi vibaya hufa vyenyewe. Kinachouma ni vile vizuri vinavyovunjika.

Mara nyingi huanza na video moja iliyosambaa. Wanaingia watu 150 kwa wiki, wote wapya, wote na maswali ya mwanzo. Wakongwe wanajibu siku tatu za kwanza kwa furaha. Siku ya nne swali lile lile linaulizwa mara ya tisa, na mtaalamu wako bora anaacha kufungua chumba. Hatakuaga. Utagundua baada ya mwezi. Dawa ni kufunga mlango mapema na kuweka foleni: waingie 15 kwa wiki, kila kumi na tano wapangiwe mkongwe mmoja kwa siku saba, na kiungo cha kwanza wanachopewa kiwe hifadhi ya matatizo yaliyotatuliwa. Ndiyo, utapoteza ada za wiki hizo. Lipe kundi kipaumbele.

Kingine ni mdhamini. Kampuni ya vipuri inakuja na ofa, na kwa mara ya kwanza fedha kubwa inatoka nje ya kundi. Kuichukua si dhambi. Ila wanachama walikuwa wakikuamini kwa sababu ulisema kipuri fulani ni kibovu pale kilipokuwa kibovu. Kanuni inayofanya kazi ni kutangaza malipo hayo kwenye sentensi ya kwanza, kuwaachia wanachama watatu wajaribu kifaa hicho na kuandika wanachotaka, na kuweka kwenye mkataba kwamba maandishi yao hayaguswi. Mdhamini akikataa kipengele hicho, ameshakujibu.

Njia nzuri zaidi ya kuingiza fedha ya ziada ni ile inayotatua tatizo la wote. Wanachama 40 wanahitaji mkanda wa mota wa aina moja, na mtengenezaji hapokei oda ndogo. Kundi linaagiza kwa pamoja, mwenye kundi anaongeza kiasi kilichotajwa waziwazi kwa kazi ya kuratibu na kufungasha. Kusanya fedha zote kabla ya kuagiza, agiza asilimia chache zaidi kwa ajili ya zitakazofika zimeharibika, na mwenye kuratibu aweke risiti mahali kila mchangiaji anaweza kuiona. Oda za pamoja zinaharibika kwa sababu moja karibu kila mara: mtu mmoja aliyeahidi bila kulipa.

Wanaojibu bila malipo

Sasa lile lililonikera. Watu watatu walitatua tatizo la sindano, na mmoja akapokea ada ya wote. Nimejaribu kujifariji kwamba wanafurahia kusaidia, na ni kweli wanafurahia. Lakini furaha ya mtu haimpi mwingine haki ya kuipangia ratiba.

America Online, kampuni ya huduma za intaneti ya Marekani, katika miaka ya 1990 iliendeshwa kwa sehemu na maelfu ya wasimamizi wa kujitolea. Walipata mafunzo, walikuwa na zamu, walijaza taarifa za saa walizofanya kazi, na walichopata ni huduma ya bure au ya bei nafuu. Mwaka 1999 baadhi yao walikwenda mahakamani wakidai kwamba kwa mazingira hayo walikuwa wafanyakazi. Shauri lilikaa zaidi ya miaka kumi, likaisha kwa maafikiano ya dola milioni 15.

Mstari naona unapita hapo hapo kwenye zamu na taarifa. Mwanachama akijibu anapotaka, akinyamaza anapotaka, na asiulizwe, hiyo ni hisani kati ya wenzake. Siku unapomwambia "Jumanne na Alhamisi ni zako", umemwajiri. Mlipe fedha. Uanachama wa bure si mshahara, na ndicho hasa kilichowafikisha wale mahakamani.

Kwa kundi la dola 811 kwa mwezi, kiasi cha kuanzia kinaweza kuwa hivi: dola 60 kwa anayeandika hifadhi ya kila wiki, dola 80 kwa anayesimamia chumba siku mbili za wiki usipokuwepo. Inabaki 671. Mwongozo ukiuzwa na una kipimo au picha ya mwanachama, aombwe ruhusa kwa maandishi na apewe sehemu iliyokubaliwa kabla, au jina lake liandikwe kama hilo ndilo analotaka. Wengine watakataa fedha. Mpe nafasi ya kukataa, usimkatalie wewe.

Bado sijatulia kabisa kuhusu wale wanaotoa majibu mia kwa mwaka bila zamu wala ombi lolote. Kuwalipa kwa kila jibu kunaharibu mambo: majibu yanakuwa mengi na mafupi, na watu wanaanza kuhesabiana. Kilicho bora nilichoona ni kuwasamehe ada bila kuweka sharti lolote, kuwapa sauti kwenye maamuzi ya bei na sheria, na kuwaelekezea wateja pale mtu wa nje anapotafuta fundi wa kulipa. Hilo la mwisho lina thamani kuliko mnavyodhani. Kwa mada nyembamba, kundi ndilo sehemu pekee ambapo mtu anaweza kuona kwa ushahidi nani anajua kazi.

Siku ya kupumzika, na siku ya kufunga

Mtengeneza maudhui anachoka. Afadhali kanuni za kuchoka ziandikwe akiwa na nguvu. Baadhi ya majukwaa yanaruhusu kusimamisha kuwatoza wanachama ada kwa mwezi mmoja bila kuwaondoa. Itumie. Waambie wiki mbili kabla, chumba kibaki wazi, na utaona jambo ambalo linatia moyo sana ukilifanyia kazi: kama ulijua kunyamaza, maswali yanaendelea kujibiwa.

Ikifika siku ya kufunga kabisa, toa notisi ya siku 30 zisizopungua. Siku ile ile ya notisi zuia wanachama wapya na uzime utozaji wa ada ya mwezi unaofuata. Pakua hifadhi ya matatizo yaliyotatuliwa kwa muundo wa kawaida wa faili, na picha zake, uwape wanachama wote, pamoja na walioondoka ndani ya mwaka uliopita. Waulize kama yupo anayetaka kuendelea na chumba kwa jina jingine, na orodha ya barua pepe apewe ya wale tu waliokubali kwa kujibu. Waliolipa mwaka mzima warudishiwe miezi iliyobaki: aliyelipa dola 50 na amebakiza miezi mitano anadai dola 20.83, na makato ya jukwaa hayamhusu.